Daftari la rubani wa Blenheim aliyepita Nakuru 1942: nisaidieni kulisoma

BondeLaUfa

Wadau, hamjambo. Nina picha za kurasa zote za daftari la safari za rubani mmoja wa RAF, jeshi la anga la Uingereza, aliyekuwa Nakuru mwaka 1942 akijifunza Blenheim, ndege ya kutupa mabomu. Jina silitaji kwa sababu ukoo wake bado unafuatilia. Alianza kuruka akiwa na miaka 20, katikati ya 1941, 25 EFTS Belvedere (shule ya mwanzo ya urubani, Rhodesia ya Kusini, leo Zimbabwe). Kisha 21 SFTS Kumalo (shule ya hatua ya pili, hukohuko), kisha 70 OTU hapa Nakuru (kituo cha hatua ya mwisho), kisha mistari miwili ya ajabu inayoanzia Kisumu, kisha kurasa mbili za jangwani, basi. Baada ya hapo kuna muhuri wa "Death Presumed".

Yanayonitatiza ni haya.

Hesabu haziingiani. Kabla ya kurasa za jangwani jumla zake ni: safu ya 1, 31.15, ya 2, 30.20, ya 3, 1.30, ya 4, 0.30, ya 5, 38.05; ya 6, 71.50, ya 7, 6.40, ya 8, 4.15, ya 9, 7.20, ya 10 haina kitu, ya 11, 14.20, ya 12, 9.10, ya 13, 11.35. Kikokotoo kinanipa 224.90. Yeye ameandika 191.45, na mkubwa wake ametia sahihi chini yake.

Mazoezi ya Belvedere yameandikwa kwa namba tupu: "1, 1A, 2", halafu "4, 5, 6", siku moja "10", na siku nyingine "11" peke yake, dakika kumi.

Kurasa za Nakuru zina mistari ya wino mwekundu. Je, ni makosa aliyoandikiwa? Na mwishoni amepewa "Average". Alikuwa rubani hafifu?

La mwisho ndilo zito. Hapa mjini husemwa aligonga mlima Menengai, na jamaa zake wa ng'ambo wamelipokea hivyo. Nimepitia orodha ya Nakuru North Cemetery, hayumo. Yuko wapi?

Karatasi_Kuukuu

Nianze na hesabu kwa kuwa ndiyo nyepesi. Makosa ni mawili, na yote ni ya kikokotoo.

Kwanza, hizo si desimali. 31.15 ni saa 31 na dakika 15. Ukitaka uhakika, tazama tarakimu za baada ya nukta: ukiona .35, .50, .55 lakini huoni hata moja inayozidi .59, hizo ni dakika. Pili, jumla kuu ya daftari hili, Form 414, ni ya safu ya 1 hadi ya 10 tu. Safu ya 11 ni saa alizokaa kama abiria, hazimjengei rubani kitu. Safu ya 12 na ya 13 ni saa za kuruka kwa kutazama vyombo peke yake, na hizo tayari zimo ndani ya safu za mwanzo. Ukiziongeza unazihesabu mara mbili.

Sasa jumlisha safu 1 hadi 10 upya. Saa: 188. Dakika: 225, yaani saa 3 na dakika 45. Jumla 191.45. Kijana alikuwa sahihi.

Safu zenyewe zisome hivi: 1 hadi 4 ni ndege za injini moja, 5 hadi 10 ni za injini zaidi ya moja. Ndani ya kila kundi mchana hutangulia usiku, na kuruka na mwalimu hutangulia kuruka mwenyewe. Kwa hiyo 31.15 na 30.20 ni Tiger Moth ya Belvedere, nusu na mwalimu, nusu bila mwalimu. Safu ya 5 inaanza kupata wino Kumalo, kwa maana shule ile ilifundishia Oxford, ndege ya injini mbili. Hapo tayari unajua walishamtenga na ndege za kivita za kiti kimoja. Waliokusudiwa hizo walikwenda shule za Cranborne au Thornhill kwenye Harvard, ndege ya mafunzo ya injini moja.

Namba za mazoezi ni mtaala uleule wa shule zote za mwanzo. 1 ni kupandishwa tu ili mwili uzoee. 1A ni kujua kila chombo kilipo. 2 ni kazi ya kila usukani. 3 ni kuitembeza ndege ardhini. 4 ni kwenda sawa bila kupanda wala kushuka. 5 ni kupanda, kuteleza na kuiachia ndege ipoteze mwinuo. 6 ni kona za wastani. 7 ni kupaa kuukabili upepo. 8 ni kutua kwa msaada wa injini, 9 ni kutua kwa kuteleza. 10 ni kuporomoka kwa kuzunguka na kujinasua. 11 ni kuruka peke yako kwa mara ya kwanza. Ndiyo dakika kumi zako hizo: kupaa, kuzunguka uwanja mara moja, kutua.

Tazama tarehe ya 10 na ya 11. Ya 10 lazima itangulie. Hakuna mwalimu aliyemwachia mtu ndege kabla hajamwona akijinasua: pedali yote kinyume na upande inakozunguka, subiri kidogo, kisha usukani mbele mpaka mzunguko ukome, halafu pedali katikati na kuinua pua taratibu. Akisukuma mbele kabla ya pedali kufanya kazi, ndege huzidi kuzunguka.

"Average" usiihuzunikie. Ngazi zilikuwa nne: ya kupita kiasi, juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Wengi mno walipewa ya tatu na wakaenda vitani nayo.

Wino mwekundu namwachia mwingine, ila angalia saa za mistari hiyo ziko safu gani.

Fundi_Lanet

Ziko safu ya 8 na ya 9, naziona kwenye picha ya pili. Basi ni usiku. Makosa makubwa ya uzembe nayo yaliandikwa kwa wino mwekundu, lakini hayo hukaa kwenye kurasa za mbele au za nyuma pamoja na tathmini, na yana maelezo na sahihi ya mkubwa. Hayawekwi katikati ya safari za kila siku. Kwenye kurasa za jangwani nyekundu inaweza kuwa na maana nyingine, maana vikosi vingi viliitumia kwa safari za vita. Usibebe kanuni ya Nakuru ukaipeleka kule.

Niseme kuhusu 70 OTU, maana bila kuijua hutaelewa kwa nini watu wanasema Menengai.

Hiki ni kituo cha hatua ya mwisho ya mafunzo. Kilihamishwa kutoka Ismailia, Misri, kikaja Nakuru mwaka 1941, baadaye kikarudi Misri, Shandur. Huku kulikuwa mbali na ndege za Wajerumani, na petroli ilifika kwa reli. Kijana alikuja tayari ana mabawa kifuani. Kazi ya Nakuru ilikuwa kumfundisha Blenheim, na kumuunganisha na watu wawili: mwelekezi ambaye pia ndiye mtupa mabomu, na mtu wa redio ambaye pia ndiye mpiga bunduki wa mgongoni. Kuanzia hapo majina yao yanajirudia kwenye safu ya majina ya aliosafiri nao. Yanakili, yatakufaa.

Blenheim ilikuwa na injini mbili za Mercury za silinda tisa, za kupozwa kwa hewa. Toleo la kwanza, Mk I, lilitoa nguvu farasi 840 kwa kila injini, la nne, Mk IV, 920. Mtu aliyetoka kwenye Oxford ya pangaboi zisizobadilika alikutana na mambo matatu mapya.

Pangaboi za Blenheim zina pembe mbili tu, ndogo na kubwa. Ndogo ni ya kupaa, kama gia ya kwanza ya lori; kubwa ni ya safari. Vishikio vyake viko nyuma ya kiti, rubani havioni, anapapasa. Akisahau na kuiacha kwenye pembe kubwa wakati wa kupaa, injini haifikii mizunguko yake, ndege inakimbia na kukimbia, uwanja unaisha. Akiiacha kwenye pembe kubwa wakati wa kutua haimdhuru, mpaka aamue kuacha kutua na kupaa tena. Hapo nguvu hazipo.

La pili ni mipini ya magurudumu na ya flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoongeza unyanyuaji), iliyo jirani upande wa kulia wa kiti. Mkono ukikosea baada ya kupaa, unakunja flapu mahali pa magurudumu, na ndege ambayo bado iko chini inazama.

La tatu ndilo lililoua zaidi: injini moja kuzimika wakati wa kupaa. Pangaboi zile haziwezi kugeuzwa zikate upepo kwa ukingo. Ile ya injini iliyokufa inaendelea kuzungushwa na upepo kama sahani, inavuta ndege upande wake. Rubani anakanyaga pedali ya upande wa injini hai kwa nguvu zote. Mwendo ukiwa mdogo, pedali haitoshi hata akiikanyaga mpaka mwisho. Dawa ni moja: punguza nguvu ya injini nzima, nyoosha, tua mbele yako palipo. Wengi walijaribu kugeuka warudi uwanjani, tena upande wa injini iliyokufa. Bawa linashuka na halinyanyuki.

Ndipo Nakuru yenyewe inapoingia. Mji uko karibu mita 1,850 juu ya bahari, zaidi ya futi 6,000. Mchana wa nyuzi 25 hewa yake ni nyembamba sawa na ya futi 8,600 hivi katika siku ya vipimo vya kawaida. Kipima-mwendo husoma msukumo wa hewa, hakisomi kasi ya ardhini. Sindano ikisema maili 85 kwa saa, ndege inakwenda karibu 97. Anayetua anaona ardhi inamkimbilia kuliko alivyozoea, anapunguza mwendo kwa macho badala ya kuamini sindano, ndege inaanguka mita chache juu ya uwanja. Au anaamini sindano, anatua vizuri, lakini anahitaji karibu asilimia 30 zaidi ya njia ili asimame.

Sindano_Sifuri

Fundi, umesahau injini. Nakuru injini zinakosa hewa, ndiyo maana ndege zilishindwa kupanda. Hilo kila mtu analijua.

Fundi_Lanet

Kwa Tiger Moth ni kweli kabisa. Kwa Mercury, hapana. Ile injini ina supachaja, pampu ya kuisukumia hewa, iliyopangwa kwa kimo kikubwa kuliko Nakuru. Nguvu farasi 840 za Mk I zilipimwa kwenye futi 14,000. Futi 6,000 rubani bado anapata shinikizo lote analoruhusiwa. Kilichokosa hewa ni bawa na pangaboi. Tofauti hii si ya kubishania tu: ukisoma kadi ya ajali ukaona "injini sawa", usishangae wala usiseme wamedanganya.

Turudi kwenye usiku. Uwanja uliwashwa taa za mafuta ya taa, koroboi kubwa zenye mdomo mrefu zilizopangwa mstari mmoja. Ukizipita, mbele ni giza, hakuna upeo wa macho. Ndege inapoongeza kasi mwili unadanganyika kwamba pua imeinuka mno, mkono unaisukuma chini, na injini zikiwa na nguvu zote inarudi ardhini kilomita moja au mbili kutoka uwanjani. Ndiyo sababu saa za kuruka kwa vyombo, safu ya 12 na ya 13, zinajazwa kwa wingi kabla ya mistari myekundu kuanza. Zilinganishe tarehe, utaona.

Sasa Menengai. Ukingo wake unafika mita 2,278, yaani zaidi ya mita 400 juu ya mji, na uko kaskazini tu mwa mji. Watu wa mjini waliuona kila siku, kwa hiyo kila ndege isiyorudi waliipeleka huko. Hatari kubwa zaidi kwa safari ndefu ilikuwa milima ya Mau, na sababu yake ni altimita, yaani kipima-kimo.

Mfano uko kwenye daftari lako: "X-C Nakuru–Kisumu–Eldoret–Nakuru, 1.25"; X-C ni safari ya kutoka mji hadi mji. Njia hiyo ni karibu kilomita 360, na kwa Blenheim inayopanda na kuzunguka, saa 1 na dakika 25 inakubalika. Altimita huwekwa sifuri ardhini. Kisumu iko chini ya Nakuru kwa zaidi ya futi 2,300. Mwanafunzi aliyetua Kisumu akaiweka sifuri huko, kisha akarudi, sindano inamwambia futi 4,500 wakati kimo cha kweli juu ya bahari ni kama 8,200. Reli yenyewe inavuka Mau juu ya futi 8,000, na vilima vya kando vinaizidi. Mawingu yakiwa yamefunika kilele, anaingia mlimani akiamini ana nafasi tele. Ongeza mvua za radi za Kericho na Nandi zinazojengeka mchana upepo wa ziwa unapopanda milima, utaelewa kwa nini safari kama hizo zilifanywa asubuhi.

Lakini rubani wako hakufa Nakuru. Ukurasa wake una muhtasari wa kozi nzima, tathmini, sahihi ya mkuu wa mafunzo, na tamko kwamba anaielewa mifumo ya petroli, oili na haidroliki ya Blenheim. Aliyekufa katikati ya kozi hapati vitu hivyo.

Ziwa_Magharibi

Na mistari ya Kisumu inathibitisha kwamba aliondoka. BondeLaUfa, namba ya ndege kwenye mistari hiyo inaanza na herufi gani? Na jina la rubani limetanguliwa na nini?

BondeLaUfa

Inaanza na "G-A", na jina limetanguliwa na "Capt." Mstari wa kwanza Kisumu–Khartoum 7.35, wa pili Khartoum–Cairo 6.45. Saa zote zimeandikwa safu ya 11.

Ziwa_Magharibi

Basi hakuna ajabu. Ndege ya jeshi ingekuwa na herufi moja na tarakimu nne, au herufi mbili na tarakimu tatu. G-A ni usajili wa kiraia wa Uingereza, na "Capt." ni nahodha wa shirika. Hiyo ni ndege-boti ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, ile ya injini nne iliyorithiwa kutoka Imperial Airways, ikitua juu ya maji ya ghuba ya Kisumu. Imperial Airways ilianza kupita ziwani mwaka 1931, na vita vilipokuja njia ya Durban hadi Cairo iliendelea kupitia Kisumu, Port Bell, Malakal na Khartoum.

Zilisafiri mchana na kulala njiani. 7.35 na 6.45 ni 14.20, ndiyo jumla yako yote ya safu ya 11, na kwa ndege iliyokwenda kama kilomita 250 kwa saa, ndiyo njia ya Kisumu hadi Cairo ukiifuata Nile. Tazama kama mwelekezi na mpiga bunduki wake wanatokea tena jangwani. Wakitokea, timu iliyoundwa Nakuru ilihamishwa pamoja.

Kuna aliyeniuliza pembeni kwa nini kijana apelekwe Rhodesia ya Kusini wakati Nairobi kulikuwa na Tiger Moth. Inategemea mwaka. Waliojiandikisha Kenya mwaka 1939 walianzia Nairobi kweli, wakamalizia Habbaniya, Iraki. Roald Dahl, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya Shell Dar es Salaam, alipita njia hiyo: Nairobi Novemba 1939, Habbaniya 1940, kisha kikosi cha 80, akaanguka na Gladiator jangwani tarehe 19 Septemba 1940 na bado mwaka uliofuata akapigana Ugiriki kwenye Hurricane. Belvedere ilifunguliwa tarehe 24 Mei 1940, na Mei 1941 Habbaniya yenyewe ilizingirwa. Wa katikati ya 1941 kwenda Rhodesia si ajabu.

BondeLaUfa

Ndiyo, majina yale mawili yanaendelea mpaka mstari wa mwisho. Mstari huo una mwandiko mwingine: Blenheim IV, namba inaanza na Z, kazi "Recce" (upelelezi), safu za saa ziko wazi. Muhuri wa kikosi umefifia, nasoma tu "O.C. 'B' Flight", yaani mkuu wa kundi B. Nitajuaje kikosi? Na "Death Presumed" ina maana mwili haukupatikana?

Karatasi_Kuukuu

Ina maana hakuna aliyeshuhudia kifo wala taarifa ya utekwa iliyofika. Mtu alitangazwa kwanza "hajulikani alipo", Msalaba Mwekundu ukaulizwa, na baada ya miezi kama sita bila jibu kifo kikachukuliwa kuwa kimetokea, kwa tarehe ileile aliyopotea. Daftari likapelekwa ghala la mali za marehemu la RAF, likapigwa muhuri huo, likatumwa kwa wazazi. Mstari wa mwisho uliandikwa na karani au mkuu wa kundi lake. Saa haziandikwi kwa kuwa safari haikuisha.

Hiyo ndiyo sababu humpati Nakuru North, na hutampata Nairobi War Cemetery ya barabara ya Ngong wala Gilgil. Ingia hifadhidata ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, tafuta kwa jina la ukoo, herufi za mwanzo na mwaka, bila kuchagua nchi. Nategemea atatokea kwenye Alamein Memorial, ambako kuna majina zaidi ya 3,000 ya wanaanga wasio na kaburi lijulikanalo, waliopotea Misri, Libya, Ugiriki, Afrika Mashariki, Madagaska na kwingineko. Runnymede usijisumbue, ile ni ya waliotoka Uingereza na kaskazini magharibi mwa Ulaya.

Akikosekana, jaribu kwa namba. Angalizo: sajini aliyepandishwa kuwa afisa alipewa namba mpya kabisa. Ukitafuta kwa ile ya usajini aliyoiandika Belvedere na huku alikufa akiwa afisa, utaambiwa hakuna. Uteuzi wa maafisa ulitangazwa London Gazette, ambalo linasomeka bure mtandaoni, na tangazo hutaja namba zote mbili mara nyingi.

Kikosi utakipata kwa namba za ndege. Zikusanye zote za kurasa mbili za jangwani pamoja na tarehe. Rekodi za kila siku za vikosi ziko Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, mfululizo wa AIR 27. Vituo vya mafunzo kama 70 OTU ni AIR 29. Ndani ya AIR 27 kuna Form 540, ambayo ni maelezo ya siku kwa siku, na Form 541, ambayo ndiyo unayoitaka: ndege, majina ya wote watatu, kazi, saa ya kupaa, saa ya kutua. Vikosi vilivyobaki na Blenheim huko jangwani mwaka 1942 havikuwa vingi, kwa maana mwanzoni mwa mwaka huo kadhaa vilipelekwa Mashariki ya Mbali. Namba tatu au nne zikilingana na tarehe zake, umekwisha kukijua.

Usiitegemee herufi ya kwanza peke yake kukwambia aina. K7033 hadi K7182 na L1097 hadi L1546 ni Mk I, lakini baadhi ya L nyingine ni Mk IV. V na Z kwa kawaida ni Mk IV.

Fundi_Lanet

Nyongeza mbili. Makumbusho ya RAF, Hendon, yana kadi za ajali, Form 1180, zinazopangwa kwa aina ya ndege na tarehe. Ukitaka kumaliza uvumi wa Menengai kabisa, uliza kadi za Blenheim za 70 OTU za miezi aliyokuwa Nakuru. Huenda kuna ajali ya mtu mwingine iliyopachikwa jina lake. Kadi husema mahali, kilichoharibika na sababu kama walivyoiona wao. Sababu isome kwa tahadhari: "kosa la rubani" liliandikwa upesi, hasa pale ambapo hakuna aliyenusurika wa kubisha.

Pili, Kenya Weekly News lilichapwa hapahapa Nakuru, na magazeti ya wakati ule yanaweza kuulizwa kwenye Nyaraka za Taifa za Kenya, Moi Avenue, Nairobi. Ila kwa sababu ya udhibiti wa vita usitegemee kuona jina la kituo wala mahali pa ajali. Utaona tangazo la familia, la maziko au la kifo. Na wenyeji waliosukuma ndege zile, waliojaza petroli na kulinda uwanja usiku, daftari la rubani halina safu yao.

BondeLaUfa

Nimempata CWGC. Alamein Memorial kweli, na tarehe ni ya mstari ule wa mwisho. Mkuu Karatasi, ninapoagiza AIR 27 niombe mwezi mmoja tu?

Karatasi_Kuukuu

Omba miwili: mwezi aliopotea na unaofuata. Timu nyingi zilizoanguka jangwani zilirudi kwa miguu au zikaletwa na askari wa doria baada ya siku kadhaa, na habari zao huandikwa zinapofika, si siku ya tukio. Mmoja wa watatu akirudi, maelezo yake yatakuwa kwenye Form 540 ya baadaye.

Na kabla hujalipia chochote, tafuta wale wawili kwenye CWGC kwa tarehe hiyohiyo. Wote watatu wakiwa Alamein Memorial, huenda ndege ilizama baharini au haikuonekana tena. Mpiga bunduki akiwa na kaburi Halfaya Sollum, Tobruk au El Alamein War Cemetery, huenda mabaki ya ndege yalipatikana, na karatasi za kaburi lake kwenye tovuti hiyohiyo huwa zinaonyesha alikozikwa mara ya kwanza kabla ya kuhamishwa. Zifungue zote, hata zile zilizofifia. Humo tafuta namba za ramani.